Alhamisi za Bi Lan

Alhamisi, 10 Oktoba 2024
Kensington

Lerato mwanangu,

Siku ile unarudi Cape Town uliniambia nikishindwa kusema kwenye simu, niandike. Nimechelewa kuanza. Najua Kiswahili unakisikia vizuri, ila kukisoma unakisoma neno kwa neno, midomo ikicheza. Sina lugha nyingine ya kuandikia mambo ya baba yako. Alinichumbia kwa Kiswahili kule Morogoro, na tuligombana kwa Kiswahili miaka yote humu ndani. Kiingereza changu ni cha kuuzia mapazia. Utasoma polepole.

Leo yule mama Mchina amekuja tena.

Ni Bi Lan, mwenye duka la majani ya chai kule Cyrildene. Mazishini alisimama nyuma kabisa, mwembamba, na sweta yake ya kijivu yenye vifungo vikubwa. Wiki iliyofuata alikuja kuleta chupa ya chai ya baba yako, ile ya kijani iliyobonyea ubavuni. Nilipoifungua ilikuwa imejaa maji ya maua, ya moto, yananukia waridi. Niliyamwaga kwenye sinki. Sikutaka kuonja kitu kilichotoka katika chumba kile.

Unajua baba yako alifia pale, nyuma ya duka. Alikuwa anakwenda kunywa maua yake kwa ajili ya macho, maana kazi ya kuchomelea vyuma Jeppestown ilimwachia macho makavu yanayowasha. Mimi nilijua. Lakini watu hawajui, na mtaa ule una nyumba za kukandia watu mwili. Kwenye maombi ya akina mama, mmoja wao aliniuliza kama ni kweli mzee alikutwa kwa Wachina, kwenye chumba chenye pazia. Wenzake wakatazama viatu. Nikasema ni duka la chai. "Ee, chai," akasema, kwa upole uliozidi kipimo.

Na mimi nililiona hilo pazia. Nilipofika siku ile, watu wa ambulansi walikuwa wameshamfunika uso, wakamtoa kupitia hapo. Magotini alikuwa na sweta ya mwanamke. Hiyo hiyo ya kijivu.

Kwa hiyo huyu mama akija naona aibu hata kabla hajakaa. Lakini simfukuzi, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na baba yako saa ya mwisho. Kuna kitu kimoja tu ninachokitaka kwake: aniambie alikwendaje. Kama aliumia. Kama alisema neno. Kiingereza chake ni kidogo kuliko changu, na Kizulu chake ni cha dukani. Hata hivyo mtu akikaa, maneno hupatikana. Yeye hakai.

Leo alileta maua meupe makavu, madogo kama vifungo vya shati la mtoto. Niliyachemsha kwenye sufuria na maziwa, tangawizi na sukari, mpaka yakatoa povu. Alikuwa ananitazama. Nikatoa vikombe vya harusi yetu vyenye mstari wa dhahabu, nikammiminia chake kikajaa mpaka ukingoni, kama mama alivyonifundisha: mgeni asione chini ya mstari wa dhahabu. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme kitu. Akakitazama kikombe, akafunga mdomo. Akagonga meza kwa vidole viwili, kama mtu anayemwita mhudumu hotelini, akasimama, akaenda zake. Hakuonja.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maua ya njano, madogo kama mtama. Nimejaza kikombe. Amegonga meza, ameondoka. Joto kali, mvua hakuna.

Jumapili, 20 Oktoba

Mijakaranda ya Roberts Avenue imeanza kutoa maua. Baba yako alikuwa anakanyaga yaliyoanguka makusudi, ili yalie chini ya kiatu. Mtu wa miaka sabini na moja.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo aliniletea waridi, vichipukizi vilivyokaushwa kabla ya kufunguka. Nilijitahidi. Nilimwekea biskuti, nikamwekea kitambaa chini ya kikombe, nikajaza mpaka chai ikavimba juu ya ukingo na kusimama bila kumwagika. Kuna ustadi hapo, na nilitaka auone. Nikamwambia kwa Kiingereza, "My husband. Tell me." Macho yake yalijaa machozi. Akatazama kikombe muda mrefu. Kisha vidole viwili, na akaenda.

Kama analia, kwa nini hasemi? Kama hataki kusema, kwa nini anakuja?

Alhamisi, 31 Oktoba

Vilevile.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ya kwanza. Radi ilipiga saa kumi, umeme ukazimika mtaa mzima. Nilikaa kwenye cherehani bila kushona.

Marthe aliingia kukaa nami. Unamkumbuka, yule wa Lubumbashi aliyekodi gereji yetu kusukia nywele. Nilimweleza habari za Bi Lan, nami sikueleza kwa uzuri. Nilisema anakuja, anakaa kwenye kiti cha baba yako, na kikombe changu hakigusi. Nilisema anagonga meza kama mimi ni kijakazi wake.

Marthe akacheka kwanza. "Mama Lerato, miye nimeona watu wa kila taifa, chai ya bure banakunywa. Huyu ni wa kwanza." Kisha hakucheka tena. "Anakuzarau huyo. Kikombe cha mtu mweusi anaona ni kichafu. Ni mépris ile, zarau tupu."

Sikuwa nimelitamka jambo hilo mwenyewe. Yeye alipolitamka nikajisikia nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. Nakuandikia hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Amekuja. Sikumtolea biskuti.

Alhamisi, 14 Novemba

Amekuja na mvua. Nilijaza kikombe bila kumtazama usoni. Alipogonga meza nilisema kwa Kiswahili, "Gonga tu, bibi." Hakuelewa, akainamisha kichwa.

Nimekumbuka kitu baada ya kuondoka kwake. Miezi ya mwisho baba yako alipokuwa ananimiminia chai, alikuwa anaacha kikombe nusu na kidogo. Nikamuuliza, unanipimia? Akasema, "Hiyo ni heshima, Mama Lerato." Nikadhani ni utani wake. Nilichukua birika nikajaza mwenyewe.

Alhamisi, 21 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikuwa imeanza tangu saa sita. Bi Lan alifika na mwavuli mweusi, akauacha mlangoni. Alikuwa na vipande vyeupe vya kitu kama kucha, na kunazi nyekundu zilizokunjamana. Marthe alikuwa jikoni anachemsha maji ya kuchovya ncha za rasta za mteja wake, na chanuo alikuwa amelichomeka kichwani mwake. Alikaa pembeni akitazama. Nilijua anachotazamia. Ningeweza kumwambia arudi gereji, maji nitamletea. Sikumwambia. Nilitaka na yeye aone.

Nikamimina. Kikajaa. Bi Lan akakitazama, na safari hii alinitazama na mimi pia, usoni kabisa, kama anaomba kitu. Nami nilikaza uso. Akagonga vidole viwili, akasimama.

Marthe akamwambia kwa Kiingereza, gogo, yaani bibi, kaa unywe. Bi Lan akatabasamu kwa woga, akaelekea mlangoni. Ndipo Marthe alipokichukua kile kikombe cha harusi, akampita, akasimama ngazini na kuimwaga chai yote chini, mbele ya vile viatu vyake vya kitambaa. Akamwambia kama kikombe chetu ni kichafu asirudi tena.

Halafu akasema, "Go home."

Lerato, wewe ulikuwa na sisi mwaka ule wa fujo za kuwafukuza wageni, walipovunja vioo vya saluni ya Marthe Jeppestown. Tulimfuata kwa gari, baba yako na mimi, akaingia na ndoo ya rollers za nywele magotini. Maneno waliyokuwa wanapiga kelele barabarani ni hayo hayo mawili. Na mimi nilishaambiwa hayo kwenye foleni ya zahanati, na baba yako akiwa amenishika mkono.

Bi Lan aliyaelewa. Hayo kila mgeni wa mji huu anayaelewa. Aliinama, akapita kando ya ile chai, akaenda katika mvua bila mwavuli wake.

Marthe alirudi kwa mteja. Mimi nilisimama jikoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, kwa lugha yoyote, nikanyamaza.

Alhamisi, 28 Novemba

Hajaja. Saa tisa nilijikuta nimeshaweka maji jikoni.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua ya mawe kanisa lilipotoka. Tulisimama chini ya baraza pamoja, akina mama wote, na yule wa habari ya pazia akanipa nusu ya kanga yake nijifunike. Nilishindwa hata kumchukia vizuri.

Alhamisi, 5 Desemba

Hajaja.

Jumanne, 10 Desemba

Maji yamekatika tangu jana. Nimepanga ndoo uani, mvua ijaze.

Alhamisi, 12 Desemba

Hajaja. Mwavuli upo nyuma ya mlango. Umekauka zamani, ila nimeufungua na kuufunga mara kadhaa kana kwamba una maji bado.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo nimekwenda. Nilivaa nguo yangu ya kilio, nikachukua mwavuli, nikatembea hadi Cyrildene. Tangu Agosti, baba yako alipofia pale, sikuwahi kupita lile lango lao kubwa lenye paa la vigae. Hata nikiwa kwenye gari huwa nageuza uso.

Duka ni jembamba. Ukutani pote ni mitungi ya vioo yenye maua, mizizi na majani, na harufu kubwa zaidi ni ya maganda makavu ya machungwa. Mkwe wa Bi Lan alikuwa kaunta, mama wa miaka arobaini hivi anayejiita Amy kwa sababu wateja jina lake hawaliwezi. Alinitambua. Hakusema karibu.

Nikampa mwavuli. Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa maneno aliyoambiwa mama yake nyumbani kwangu.

Amy alisema mama hakulalamika. Alisema, "Mama anasema una haki ya kumfukuza. Anasema amekuja kila wiki na kila wiki umemfukuza, na kila wiki umefanya vizuri. Mimi ndiye niliyemkataza kurudi."

Nikamuuliza nilimfukuza lini. Nikamwambia jinsi nilivyompa kiti cha mume wangu, vikombe vyangu bora, biskuti. Nilisema kwa hasira, na Kiingereza changu kinavunjika nikikasirika.

Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akaniita nyuma.

Nilipita katika pazia lile. Ni la plastiki, lina picha za samaki wekundu. Nyuma yake kuna meza ndogo, jiko la gesi la plate moja, viti vitatu vya mbao visivyo na migongo, kiti kimoja cha kuegemea chenye mto, na picha ya mzee wa Kichina ukutani, nadhani ni marehemu mume wake. Hakuna kingine. Nilikuwa nimekionea chumba hiki aibu miezi yote hiyo, na ni jiko tu, dogo kuliko langu.

Amy akachemsha maji, akaweka vikombe viwili vidogo visivyo na mkono. Cha kwanza akakijaza mpaka ukingoni. Cha pili akakiacha na nafasi juu, kama upana wa kidole. Akasogeza cha kwanza mbele yangu, akasema nikinyanyue. Sikuweza. Kiliunguza vidole, chai ikamwagika mezani.

"Kwetu, ukimjazia mtu hivi," akasema, "unamwambia hutaki akae. Anywe kama anaweza, aende. Huyu wa pili ndiye mgeni."

Nikamwambia kwetu ni kinyume chake. Kikombe kisichojaa ni uchoyo. Mama yangu angenipiga.

Amy akafuta chai iliyomwagika mezani. Nikamuuliza, na vidole? Akagonga meza taratibu kwa vidole viwili. Akasema huo ni asante. Ni kwa yule aliyekumiminia. Mama yake, hata akifukuzwa, lazima ashukuru.

Lerato, nilikaa kwenye kile kiti cha kuegemea na nikajifunika uso kwa mikono. "Hiyo ni heshima, Mama Lerato." Baba yako aliniambia. Aliniambia jikoni kwangu, birika akiwa nalo mkononi, nami nikamnyang'anya.

Amy ndiye aliyenieleza na maua. Yale meupe ni ya macho, hunywewa na mwenye macho yanayowasha au mwenye joto kichwani. Baba yako alikunywa hayo, na mimi nilipewa hayo kwa macho ya kulia. Ya njano ni ya kulainisha kifua na tumbo la mtu asiyekula. Waridi ni ya moyo uliofungana, wenyewe wanasema huzuni ikikwama kifuani, waridi huifungua kidogo. Na vile vipande vyeupe ni vitunguu vya yungiyungi, hupikwa na kunazi, apewe asiyelala. Kila Alhamisi alikuwa ananitazama uso, anakwenda nyumbani kufikiri, anarudi na kitu cha pale alipoona panauma.

Nami niliyachemsha yote kwa maziwa.

Hapo Amy alicheka, mara moja tu. Alisema mama yake aliwaambia nyumbani kwamba hajawahi kufukuzwa na mtu kwa sukari nyingi namna ile.

Nilimuuliza Bi Lan alitaka kuniambia nini. Amy akasema hajui. Alijitolea kuja kutafsiri, mama akakataa. Alitaka aseme mwenyewe, kwa maneno ya Kiswahili aliyofundishwa na baba yako, Mzee Ephraim kama wanavyomwita pale. Ila sasa muda ni mdogo. Tarehe kumi na saba Januari anaondoka kwenda kwa mwanawe mkubwa Fujian, kabla ya mwaka mpya wao, na ana miaka sabini na tisa. Hatarudi.

Nikamwomba amwambie aje. Alisema atamwambia, lakini hawezi kuahidi.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimemweleza Marthe. Alikuwa anasuka kichwa cha mtu, na vidole vikasimama. Mteja akauliza kuna nini.

"Miye nilimwambia go home," akasema. "Miye, Mama Lerato."

Nikamwambia mimi ndiye niliyempa maneno hayo, yeye alikuwa mdomo tu. Akatikisa kichwa.

Alhamisi, 19 Desemba

Hajaja.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Ulikuwa hapa siku zote za Krismasi, ndiyo maana sikuandika. Uliniuliza maua haya kwenye mitungi ya jamu ni ya nini, nikasema ni ya jikoni. Ulipoosha vyombo ulisema kuna kikombe kimoja cha harusi kimepasuka mkono, nikasema kilianguka. Hakikuanguka. Marthe alikirudisha kwenye sinki kwa nguvu siku ile. Samahani, mwanangu. Niliona haya kukwambia mbele ya uso, na unanikumbusha baba yako ukikunja nyusi.

Bi Lan hajaja.

Jumamosi, 4 Januari

Marthe alifunga saluni mapema akaondoka bila kusema anakwenda wapi. Alirudi mvua imemnyeshea, na sanduku la karatasi kifuani. Vikombe sita vidogo, vyeupe, visivyo na mkono.

Alikwenda dukani. Bi Lan alikuwepo. Marthe anasema hakuwa na maneno, kwa hiyo aliinama kama alivyoona wanavyoinama, akaendelea kuinama mpaka wigi likataka kuanguka, na Bi Lan ndiye aliyenyoosha mkono kulishika.

"Balicheka?" nilimuuliza, kwa Kiswahili chake.

"Yeye alicheka. Miye nililia, kama mujinga."

Alhamisi, 9 Januari

Alikuja.

Alikuja na Amy, saa tisa, mvua nyembamba ya kutwa nzima ikinyesha. Alikuwa na sweta yake. Nilimkaribisha kiti cha baba yako, akasita, akakaa. Marthe alibaki gereji na akazima redio yake, nilisikia ilivyokatika.

Alileta waridi. Nilichemsha maji, nikayaacha yatulie kama Amy alivyonionyesha, nikamwaga juu ya vile vichipukizi, nikaviona vikifunguka. Nikamimina. Mwanangu, mkono wangu ulitaka kuendelea. Ni miaka zaidi ya hamsini mkono huu unajaza vikombe vya watu. Nilipousimamisha, kile kikombe kilionekana maskini, kama cha mtu niliyemnyima, na uso uliniwaka. Nikakisogeza mbele yake hivyo hivyo, kwa mikono miwili.

Bi Lan akakitazama. Akatazama ile nafasi juu. Akakinyanyua, akanywa, akakiweka chini. Hakugonga meza. Alianza kusema.

Alianza kwa Kiswahili cha baba yako, neno moja moja, halafu likamshinda, akageukia lugha yao na Amy akafuatisha.

Alisema siku ile Mzee alikuja kama kawaida. Alikunywa dawa yake ya macho. Kisha akaomba achemshiwe waridi, ajaziwe chupa ampelekee mke wake. Alisema mke wake anaketi kwenye cherehani anashusha pumzi, na mwenyewe hajui kama anashusha pumzi. Bi Lan akapika. Chai ilikuwa ya moto sana. Baba yako akaegemea, akasema, "Subiri ipoe." Akafumba macho.

Naye akasubiri.

Alidhani amesinzia. Alizima redio asimwamshe. Aliona magoti yake yametulia mno, akadhani ni baridi ya Agosti, akavua sweta akamfunika. Wateja wawili waliingia, akawahudumia kwa kunong'ona, akawaashiria kuna mtu amelala. Alikaa kwenye kiti kidogo mbele yake na kusubiri chai ipoe. Alipogusa mkono wake ili amwamshe, chai ilikuwa imepoa kitambo, na mkono pia.

Hapo Amy alisita kutafsiri. Bi Lan akamshika kiwiko, aendelee.

Alisema angemgusa mapema, labda wangemwahi. Watu wa ambulansi walimwambia hapana, lakini wao ni vijana na wana huruma. Alikuja kwangu kila Alhamisi kusema hilo, na kila Alhamisi nilimjazia kikombe, naye akajua kwamba nimeshajua, na kwamba sijamsamehe. Akaona ni haki. Lakini angewezaje kuacha kuja?

Kisha akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, maneno ambayo nadhani aliyafanyia mazoezi miezi yote: "Samahani, mama. Nilisubiri."

Sitakuficha. Kwa muda nilimchukia kweli. Nilimwona akinong'ona na wateja, na baba yako pale. Nilitaka kusema neno baya na nilikuwa nalo tayari. Nikatazama mikono yake. Ilikuwa imeshika ukingo wa meza kama mtu anayesubiri kupigwa. Mwanamke huyu alimfunika magoti baba yako kwa nguo yake mwenyewe, nami nilikwenda na nguo hiyo kichwani mwangu miezi mitano kama uchafu. Na ile chai ya waridi, ya mwisho aliyoniagizia, yeye aliipika upya akaniletea hapa mlangoni ikiwa ya moto. Niliimwaga kwenye sinki.

Sikuwa na Kiingereza cha mambo haya, na sikutaka Amy anisemee. Nikachukua birika. Nikammiminia tena, pole pole, na nikaacha nafasi.

Alielewa. Alilia bila sauti, akanyoosha mkono, akagonga meza kwa vidole viwili. Kisha akachukua birika mikononi mwangu akanimiminia na mimi. Nikagonga. Sikujua kama nimegonga sawasawa. Amy alisema ndiyo, ni hivyo.

Wakakaa mpaka mvua ikaisha. Nilimwambia habari za baba yako kukanyaga maua ya jakaranda, akasema alikuwa akiingia dukani na rangi hiyo kwenye soli, anachafua sakafu, anakana si yeye.

Alhamisi, 16 Januari

Alikuja kuaga. Aliacha sweta juu ya kiti, nikamkimbiza mpaka getini nikidhani amesahau. Akatikisa kichwa, akaufunga mkono wangu juu yake.

Ijumaa, 17 Januari

Ameondoka asubuhi. Marthe amewaomba kanisani wanipishe niseme kidogo Jumapili, kwenye maombi ya akina mama. Sijui nitasemaje. Nitawaambia baba yako alifia wapi, na kwamba pazia lina samaki. Naona aibu hata sasa kuyapanga maneno, lakini ni aibu yangu mwenyewe, na nitaibeba.

Lerato, kurasa hizi nitakutumia kwa posta pamoja na kikombe kimoja kati ya vile sita. Ukipata mgeni, usichemshe maua kwa maziwa. Mmiminie taratibu, na mkono ukitaka kuendelea, uzuie. Ile nafasi inayobaki juu, ukiiona, unikumbuke.

Mama yako,
Rosalia